Naangalia mlango tu, mzee

Basi bwana, nilikuwa Unguja kwa kazi ya gazeti. Mkutano wa siku mbili, chai mara mbili kwa siku, hotuba ambazo ukiisikia moja umezisikia zote. Jioni ya kwanza nikatoka hotelini kutafuta chakula, nikapotea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kama apoteavyo kila mtu wa bara, na kwenye kona moja nikakuta mgahawa wenye mlango uliochongwa kuanzia juu hadi chini. Nikasimama. Sikuwa na haraka, kuukagua tu.

Mlinzi, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, akanisogelea. "Kijana, unasubiri mtu?"

"Shikamoo mzee. Hapana, naangalia mlango tu."

Akanitazama kama mtu anayeambiwa uongo usio na kichwa wala miguu. Wakati huohuo Wazungu wawili wakapita katikati yetu, wakaruka kizingiti, wakakaribishwa ndani kwa tabasamu la meno yote thelathini na mawili. Hakuna aliyewauliza wanasubiri nani. Nikabaki nje na mlango wangu.

Siandiki haya ili kulalamika (sawa, kidogo nalalamika). Naandika kwa sababu niliporudi chumbani lile swali la mzee liligoma kunitoka kichwani, na kadiri nilivyosoma na kuulizauliza kuhusu milango ile ndivyo nilivyoona kwamba, kati yangu na wale waliopita bila kuutazama, mimi ndiye niliyesimama mahali ambapo fundi alitaka mtu asimame. Mlango wa Zanzibar umechongwa kwa ajili ya mtu aliye nje. Mgahawa ndio unaotaka tupite haraka.

Tuanze mbali kidogo. Ufundi huu haukuanza na masultani wa Unguja. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifia Kilwa kwa nyumba zake za mawe na chokaa, na akaitaja milango yake ya mbao iliyochongwa na kuungwa vizuri. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waarabu wa Oman walituletea mlango wa nakshi, mkumbushe kwamba Kilwa walikuwa wanachonga kabla Waomani hawajautawala mji wowote wa pwani hii. Lamu na visiwa vyake, hasa Siyu, nao wana mkono wao.

Ila kilichoifanya Unguja iwe mji wa milango ni fedha ya karne ya 19. Seyyid Said akahamishia makao yake hapa kutoka Muscat, karafuu zikapandwa, pembe za ndovu zikashuka kutoka bara, na watu wakauzwa. Tusiruke hilo la mwisho. Wenye fedha hiyo wakajenga nyumba za mawe ya matumbawe, nene, nyeupe, na kwa nje za kawaida kabisa. Ukitembea leo utaona: ukuta ni ukuta tu. Utajiri wote wa usoni umewekwa kwenye mlango. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unguja mwaka 1856 na kutoa kitabu chake kuhusu mji huo mwaka 1872, aliona kwamba hadhi ya mwenye nyumba ilipimwa kwa ukubwa wa mlango wake, uzito wa kufuli lake na unene wa misumari yake. Leo tungetazama gari lililoegeshwa nje.

Sasa ngoja niueleze mlango wenyewe, maana wengi tunaupiga picha bila kujua tunapiga nini.

Una mabawa mawili yanayofunguka kwa ndani. Hayana bawaba za chuma kama milango yetu ya Sinza. Kila bawa lina ncha juu na chini, na ncha hizo huzunguka kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye fremu. Pembeni kuna miimo miwili. Juu kuna kizingiti, na chini kuna kizingiti kingine ambacho lazima uinue mguu kukivuka. Katikati, pale mabawa yanapokutana, kuna ubao mwembamba uliosimama wima, nao huitwa mfaa. Huu mfaa ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote. Umepigiliwa kwenye bawa moja tu na unalala juu ya ukingo wa bawa la pili, kuziba ufa. Maana yake ni kwamba huwezi kufungua bawa lolote unalotaka. Lile lisilo na mfaa ndilo linalotangulia kufunguka, na ukifunga, lenye mfaa ndilo linalotangulia kufungwa. Kwa matumizi ya kila siku bawa moja lilitosha. Mgeni alipita upande mmoja, akiinua mguu na kuangalia anapokanyaga. Huwezi kuingia nyumba ya namna hiyo kwa kukimbia. Mlango wenyewe unakufundisha adabu.

Kwa ndani unafungwa kwa kiwi, lile gogo la kukingama, na kwa nje kuna mnyororo na tumbuu ya kufuli. Mbao ni msaji ulioletwa kwa meli kutoka Asia, au mfenesi wa hapahapa, au mvule. Nakshi zimewekwa kwenye miimo, kizingiti cha juu na mfaa. Mabawa yenyewe mara nyingi ni mbao tambarare zenye safu za misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa.

Misumari hiyo ina hadithi yake. Kila mwongozaji watalii atakuambia ni ya kuzuia tembo. Kwa India ni kweli: malango ya ngome yaliwekwa miiba ya chuma ili tembo wa vita wasiyavunje kwa vichwa. Lakini Shangani nani aliwahi kuvamiwa na tembo? Mafundi na wafanyabiashara waliotoka Kachchh na Gujarat walikuja na mtindo, tembo wakabaki kwao. Shaba ikawa pambo, na kazi ya mtumishi kuing'arisha.

Halafu kuna hizi tafsiri za michoro. Samaki ni uzazi, mtende ni neema, mawimbi ni safari za baharini, mnyororo ni kwamba mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Nimezisikia kila kona, na kila kona zinabadilika kidogo. Hiyo ya mnyororo ndiyo hunikera zaidi. Nimeuona mchoro wa mnyororo ukizunguka ukingo wa fremu nyingi sana, na mwongozaji mmoja akaniambia ni utumwa, mwingine akaniambia ni ulinzi wa nyumba dhidi ya mabaya. Fundi mmoja niliyemuuliza alicheka, akasema yeye huuweka kwa sababu ukingo bila mnyororo unaonekana uchi. Utumwa ulikuwepo, na ushahidi wake umejaa kwenye nyaraka na kwenye majina ya mitaa. Hauhitaji tuusome kwenye kila pambo.

Kwa umbo, aina mbili ndizo rahisi kuzitambua. Ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, wengi huuita wa Kiarabu. Mingi ina maandishi ya Kiarabu juu, pengine aya ya Qur'ani, pengine jina na mwaka wa Hijria. Na ule wenye upinde wa nusu duara juu, uliojaa maua na majani, huitwa wa Kihindi. Majina haya yasikudanganye ukadhani Mwarabu alinunua wa Kiarabu na Mhindi wa Kihindi. Sultan Barghash, kabla hajatawala, aliwahi kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859. Alirudi na macho mengine. Alipokuwa Sultan, kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga majumba, na kubwa lao ni Beit al-Ajaib la mwaka 1883, lenye milango mikubwa ya nakshi na maandishi. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, wakati likiwa kwenye ukarabati, na watu wakafa. Siku ile nililitazama kwenye televisheni, na aibu yangu ni kwamba sikuwa nimewahi kuingia.

Kuna aina ya tatu ambayo haipigwi picha sana: milango ya maduka ya Wagujarati, yenye vipande vingi vinavyokunjwa, ili asubuhi duka lote liwe wazi kwa mtaa. Kumbuka huo. Ndio pekee kati ya yote uliotengenezwa ili kumvuta mteja ndani.

Maana hebu fikiria: mlango wa nakshi ulikuwa wa nyumba ya kuishi. Mbele yake kulikuwa na baraza, benchi la mawe lililojengwa na ukuta, na biashara nyingi na soga nyingi ziliishia hapo. Mgeni alipiga hodi, mara tatu, na asipojibiwa akaenda zake. Aliyeketi barazani akisubiri, mbele yake alikuwa na nini cha kutazama? Mlango. Nakshi zilikuwa mazungumzo ya mwenye nyumba na mtu huyo: mimi ni nani, nimesafiri wapi, namwamini Mungu gani, na wewe uko wapi kwenye ngazi hii. Chakula cha kununua kilikuwa kingine kabisa. Kiliuzwa barabarani, kwenye sinia, kwenye jiko la mkaa, na mpaka leo sehemu maarufu kuliko zote ya kula Unguja ni bustani ya Forodhani, ambayo haina mlango hata mmoja. (Ilifungwa kwa ukarabati, ikafunguliwa tena 2009. Urojo wake sitauzungumzia, tutafika usiku wa manane.)

Basi mlango wa bwana mkubwa umefikaje kuwa mlango wa mgahawa? Kwa njia ndefu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na familia zikapangishwa vyumba ndani yake. Kuta hizi za matumbawe na chokaa zisipopakwa na kuzibwa kila baada ya muda hunywa maji na kuanguka, na nyingi zikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ikaunda mamlaka ya kuuhifadhi mji, uchumi ukafunguliwa, watalii wakaanza kuja kwa wingi, na nyumba zikaanza kupata wawekezaji. Mwaka 2000 UNESCO ikauweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwenye hoteli hakuhitaji tena kubuni mlango wa kuvutia. Aliukuta pale, una umri wa miaka mia na ushee.

Mfano ninaopenda kuufikiria ni ile nyumba ya Hurumzi. Aliyeijenga ni Tharia Topan, Mhindi Ismailia aliyesimamia ushuru wa forodha wa Sultan na kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa pwani hii. Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria Zanzibar, fidia ililipwa, na aliyelipwa hakuwa mtumwa bali mwenye mtumwa. Inasimuliwa kwamba malipo hayo yalifanyika kwenye nyumba hii, na kwamba jina la Hurumzi limetokana na "uhuru". Mtumwa mwenyewe alitakiwa aende kuomba uhuru wake, na masuria hawakuhesabiwa kabisa mpaka 1909. Baadaye sana nyumba ikawa hoteli, ikapewa jina la Emerson, Mmarekani aliyefariki mwaka 2014, na juu ya paa lake watu hula chakula cha jioni wakitazama jua linavyozama nyuma ya mapaa ya mabati.

Mlango mmoja. Umepitisha karani wa forodha, umepitisha bwana aliyekuja kuchukua bei ya binadamu na kuondoka na fedha mfukoni, na sasa unapitisha fungate. Nikiwa kwenye meza kule juu nadhani ningeshindwa kumaliza samaki wangu. Au ningemaliza, sijui, samaki wa Unguja ni samaki.

Africa House nayo, pale Shangani, ilianza mwaka 1888 kama klabu ya Waingereza. Mwafrika aliingia humo kwa sinia mkononi. Leo anaingia yeyote mwenye bei ya soda. Hatua chache kutoka hapo kuna nyumba ya Tippu Tip, yenye mmoja wa milango mikubwa ya mji, na kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi waliopita pale ni familia za kawaida na ndoo zao za maji. Kusema kweli mlango huo, uliochakaa, ulinigusa kuliko mingi iliyopakwa vanishi.

Kwa sababu migahawa, jamani, inatesa milango. Kwanza inaiacha wazi kutwa nzima, mabawa yote mawili yamesukumwa ndani na kufungwa kwa kamba ukutani. Ukipita unaona fremu tu. Shaba na mfaa vimegeukia gizani. Nimeona ubao wa bei za vyakula umetundikwa kwenye msumari wa shaba. Nimeona kizingiti cha chini kimekatwa ili masanduku ya magurudumu yapite. Hilo la kizingiti nina mawazo mawili nalo: mtu mwenye kiti cha magurudumu naye ana haki ya kula pweza, na kipande cha mbao cha kuegemeza kingetosha bila msumeno. Nimeona pia kioo kimewekwa nyuma ya mlango ili kiyoyozi kisitoroke, mlango ukabaki kama picha ukutani.

Na si kila mlango unaouona ni wa nyumba hiyo. Nyumba ikianguka, mlango hubaki mzima, na mlango hubebeka. Mingine ilihamishiwa mtaa mwingine, mingine ikavuka bahari kwenda kwenye majumba ya watu, ingawa kutoa mlango wa kale nje bila kibali ni kosa. Dalili moja niliyofundishwa: fremu ya asili imezama ndani ya ukuta, imejengewa, ya kuhamia imezungukwa na saruji mpya na pengine imepungua kimo. Kwa mipya inayochongwa sasa kwa ajili ya mahoteli sina ugomvi nayo hata kidogo. Fundi anakula, kijana anajifunza patasi, na mlango wa mwaka huu si uongo mpaka mtu aupake kahawia kavu na kukuambia ni wa enzi za Barghash.

Haya, nirudi kwa mzee wangu.

Usiku wa pili, mkutano umekwisha na posho iko mfukoni, nilirudi palepale. Sikwenda kula, nilikwishakula urojo Forodhani. Nilitaka kuuona ukifungwa. Ilikuwa inakaribia saa sita. Wageni wa mwisho walikuwa wametoka, wahudumu wanabadili nguo.

"Umerudi," mzee akasema.

"Nimerudi, mzee. Nataka kuuona ukiwa umefungwa."

Safari hii hakunitazama vibaya. Akafungua kamba, akalileta bawa lenye mfaa kwanza, likalia kwa sauti ya chini, ya mbao juu ya mbao. Kisha la pili. Na hapo, chini ya taa ya mtaa, mlango ukawepo. Mfaa ulikuwa umechongwa maua yanayopanda mpaka juu kabisa, na katikati pana duara kama jua, limelainika kwa miaka ya mikono kulishika. Siku nzima, miezi yote, watu wanakula nyuma ya kitu hiki bila kukiona.

"Njoo uone na upande wa ndani," akasema. Akalifungua bawa moja, nikainua mguu, nikavuka.

Ndani hakuna kitu. Mbao tupu, mikingamo, kutu ya misumari iliyokunjwa, kiwi kimeegemezwa pembeni. Fundi hakupoteza hata dakika moja ya patasi kwa mtu aliye ndani.

Nikamuuliza ameufunga mlango huu kwa muda gani. Miaka kumi na moja, akasema. Na chakula cha humu kikoje?

"Mwanangu, harufu yake nzuri," akasema. "Bei yake sijaiuliza."

Tukatoka. Mhudumu wa mwisho akakingamisha kiwi kwa ndani, akapitia uani. Mzee akakaa barazani, akatoa chupa ya chai kwenye kikapu, akaisogeza kofia yake, akanimiminia kikombe. Tukakaa hapo mpaka mvuke ukaisha, mgongo kwenye chokaa, nyuso zimeelekea mlangoni.